Televisheni za Watu Sebuleni Kwangu

Nyumbani kwetu Nangurukuru televisheni ilikuwa ikiwaka kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Mgeni akiingia alidhani tunapenda sana tamthilia. Hatukuzipenda. Ile ilikuwa kazi. Mimi ni fundi wa redio na televisheni, na wakati huo sebule yangu ndiyo iliyokuwa karakana yangu.

Ukishatengeneza televisheni hupaswi kumrudishia mwenyewe siku ileile. Kuna ubovu unaojificha. Ikiwa ya baridi inawaka vizuri kabisa, halafu ikipata moto taa za ndani zinazimika, unabaki na sauti bila picha. Kwa hiyo fundi anayejiheshimu huiwasha akaiacha iwake kutwa, na sauti anaiweka juu kidogo kwa sababu spika nayo inapimwa. Kwa fundi wa njia panda kama hii yetu jambo hilo ni zito zaidi, maana wateja wangu wengi hawakai Nangurukuru. Televisheni zao huletwa na makondakta wa mabasi kutoka Somanga, Kivinje, Lindi na vijiji vya ndani, zimefungwa blanketi kama wagonjwa, na hurudi hivyohivyo. Ikizimika huko iendako, mwenyewe hawezi kuja kugonga mlango wangu. Atawaambia tu watu wote anaowajua kwamba yule fundi wa Nangurukuru ni tapeli.

Basi ziliwaka. Nikimaliza hii naweka ile. Kuna siku mbili ziliwaka pamoja, moja ikisoma habari, nyingine ikionyesha marudio ya mpira, na mimi katikati nimeinama juu ya saketi ya tatu.

Binti yetu alikuwa anatimiza miaka mitatu. Mke wangu anauza chai, chapati na supu stendi, na hutoka kuwahi mabasi ya asubuhi. Mtoto alibaki na mimi. Nilijisifu kwa hilo. Wanaume wa mtaani kwetu hawakai na watoto wadogo mchana, na mimi nilikaa naye, au niseme nilikuwa naye chumba kimoja. Tofauti ya maneno hayo mawili sikuwa nimeijua bado.

Niseme kidogo kuhusu mimi mwenyewe, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu kukaa. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, nimekuwa utingo wa malori ya korosho, nimechimba visima, nimesaga nazi kwenye kiwanda kidogo cha mafuta kilichokufa siku hizi. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Ufundi niliupata Lindi kwa mzee mmoja aliyenivumilia maswali yangu. Ndoa ndiyo iliyonisimamisha. Mtoto ndiye aliyenikalisha, na sijawahi kukaa na kitu kingine chochote kwa muda mrefu hivyo.

Sasa, mtoto huyu hakutulia. Alikuwa na vikopo vyake, mchanga alioutoa nje, kipande cha kitenge alichokifunga fundo akakiita mtoto. Alianza kupika. Aliweka kopo sakafuni, akatia mchanga, akachukua kijiti cha kukorogea, na hapo hapo muziki wa tangazo ukapigwa. Aliinua kichwa. Hakutazama kwa muda, pengine pumzi mbili tatu tu. Alipoinamisha tena kichwa, kopo la kupikia lilikuwa limeshapotea akilini mwake, ingawa lilikuwa mbele ya magoti yake. Aliokota kiatu changu. Alikivaa, akapiga hatua mbili, mtu akacheka kwenye televisheni, akainua kichwa. Kiatu kikaachwa njiani. Halafu kitenge. Halafu kifuniko. Jioni mama yake akirudi alikuta sebule imejaa michezo iliyoanzwa.

Mimi hayo yote niliyaona. Ni mtu wa kuona vitu, siwezi kupita mahali bila kuuliza hiki kimefungwaje na kile kinatoa wapi umeme. Niliona, nikajieleza mwenyewe, na nikajieleza vibaya.

Kondakta mmoja aliyezoea kuniletea mizigo alisimama mlangoni siku moja akimtazama.

"Fundi, huyu binti yako ana miguu ya basi," alisema. "Anapakia abiria, hafiki nao popote."

"Kanirithi mimi," nilimjibu. "Mimi mwenyewe Mungu aliniumba nimesimama."

Tulicheka. Nililirudia neno hilo kwa kila mteja, kwa fahari. Damu ya baba yake. Huyu dunia nzima ataitembea. Nilimpenda zaidi kwa sababu niliamini ninamwona mtoto mwenye udadisi wangu.

Na kuongea pia, hakuongea sana. Watoto wa jirani wa rika lake walikuwa wakisimulia habari ndefu za paka na majini. Yeye alikuwa na maneno machache na alipendelea kunivuta suruali.

"Baba, ona."

"Ehe."

"Baba. Ona."

"Naona, mama. Vizuri."

Sikuwa nimeona. Bisibisi ilikuwa mkononi, macho kwenye saketi, na sikio, hapa lazima niseme kweli, sikio lilikuwa kwenye televisheni. Nimeandika hapo juu kwamba hakuna aliyekuwa akiitazama. Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nawapa watu. Lakini mtu kama mimi hawezi kusikia wanaeleza namna daraja linavyojengwa chini ya maji asitege sikio. Hata tamthilia nisizozipenda nilijua nani kamficha mtoto wa nani. Mikono ilikuwa ya wateja, masikio ya televisheni, na kilichobaki kikawa cha binti yangu. "Ehe" ndiyo iliyobaki.

Mke wangu aliwahi kusema, akiwa anaosha vyombo vya biashara, "Nikiwa naye stendi anaongea."

"Stendi kuna watu wengi," nilisema.

"Hapa kwani hakuna mtu?"

Nilinyanyua sauti ya televisheni ili nisikie kama spika inakwaruza.

Baada ya msimu wa korosho mama mkwe alikuja kutoka Nyangamara kututembelea. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana mipaka. Sili naye sahani moja, sikai naye tukatazamana, na jambo zito hupitia kwa mke wangu. Akiwa ndani, mimi nakaa barazani au nageukia ukuta na kazi zangu. Televisheni ilitusaidia sana. Iliongea kwa niaba yetu sote wawili, hakuna aliyelazimika kutafuta neno.

Kwa mjukuu wake alikuwa na uhuru ambao hakuwa nao kwangu. Bibi na mjukuu ni watani. Alimwita "mke mwenzangu", akimtuhumu kila siku kwamba anamnyang'anya babu.

Siku ya pili au ya tatu mke wangu aliniita uani. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

"Mama anataka kuondoka na mtoto," alisema. "Akakae naye Nyangamara mpaka aanze chekechea."

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mke wangu ni Mmwera, na kwao mtoto ni wa upande wa mama. Bibi mzaa mama akiomba mjukuu, ombi lile lina uzito ambao baba hawezi kuupuuza kirahisi. Nilijua pia kwamba mtoto akizoea huko, atakayerudi kwangu baada ya mwaka atakuwa mgeni anayeniamkia.

"Mtoto hatoki hapa," nilisema. "Mimi nakaa naye kutwa. Nani mwingine hapa mtaani anakaa na mtoto wake kutwa?"

"Basi mama aone kwamba unakaa naye," alisema. "Akiona hatamchukua. Namjua."

Hilo lilinipa matumaini. Nilidhani kazi yangu ni kuonekana tu.

Mvua kubwa ikanyesha, nguzo zikaanguka huko njiani, na umeme ukakatika. Haukurudi siku ile wala ya pili yake. Bila umeme fundi ni mtu wa kawaida. Nilipanga vifaa, nikavipangua, nikavipanga tena, kisha nikatoa kigoda nikakaa barazani, ubavu mmoja ukiegemea mlango, mama mkwe akiwa ndani mkekani akichambua mbaazi. Sikumtazama, lakini nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mbaazi zikidondoka kwenye ungo.

Mtoto alianza kupika. Nikasubiri aache.

Aliweka mafiga matatu, vifuniko vitatu vya chupa. Akaweka kopo juu. Akaondoka, nikasema moyoni, haya, keshaondoka, ndiye huyo binti yangu. Akarudi na vijiti. Alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Alizichochea chini ya kopo, akapuliza, akafikicha macho kwa moshi ambao haukuwepo.

"Mke mwenzangu," bibi yake alimwita, "leo unatupikia nini?"

"Ugali."

"Na mboga?"

Alifikiri. Nilisikia akifikiri, sijui niseme vipi, nilisikia ukimya wake ukiwa umejaa. "Samaki. Mkubwa. Mama kampa, mama kampa yule wa basi, yule wa basi kanipa mimi."

Sikuwa nimewahi kusikia maneno marefu namna hiyo kutoka kinywani mwake.

"Chumvi umetia?"

"Nimetia."

"Hebu." Bibi alionja kwa kijiti, akakunja uso. "Umeimwaga yote. Unataka mume wetu afe nibaki nawe peke yangu?"

"Hafi. Kula."

"Sijanawa."

"Bibi mchafu," alisema mtoto kwa ukali wa mama yake hasa, akaenda kutafuta maji, akarudi na kikombe kitupu, akamnawisha bibi vidole kimoja kimoja. Kisha akapakua. Kisha akamlisha. Kisha akakusanya vyombo, akaviosha, akavipanga, akamfunika yule mtoto wa kitenge, akamwambia watu wamekula, wewe umechelewa.

Kivuli cha mlango kilikuwa kimenihama kutoka magotini mpaka miguuni na yeye hajaacha mchezo. Ulikuwa na mwanzo, ukawa na katikati, na sasa alikuwa anaumalizia. Nilikaa pale na aibu ikinipanda polepole. Nilimkumbuka yule kondakta na kicheko chetu. Miezi mingapi nimewatangazia watu damu yangu, na kumbe ni kelele zangu. Nilimtazama mtoto anayekatizwa kila baada ya pumzi chache, nikasema huyo ndivyo alivyo, tena nikafurahi kwamba kafanana na mimi.

Mtu mwenye akili angeingia akakaa mkekani. Nilitaka. Nilijiambia mkwe yupo, si adabu. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli na ilikuwa pia kisingizio kizuri.

Umeme ulirudi mchana mmoja wakati wanapika tena. Televisheni ya mteja wa Somanga nilikuwa nimeiacha bila kuzima swichi, na sauti nilikuwa nimeiweka juu. Iliwaka ghafla na tangazo la sabuni. Mtoto alikuwa katikati ya sentensi, ameshika kopo, anamwambia bibi yake asiguse kwa sababu ni la moto. Sentensi ilikatika. Aligeuza kichwa.

Kuhusu mtoto ningeweza kujitetea, kwamba sikukusudia, kwamba umeme haukuniuliza. Lakini mimi nilinyanyuka barazani kwa furaha. Niliingia mbio nione kama picha imetulia, na kwa haraka ile nikakanyaga mafiga yake. Kopo likapinduka, mchanga ukamwagika mkekani mpaka kwenye ungo wa mbaazi. Nilisema, "Samahani mama," nikimwambia mkwe. Mtoto sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya televisheni, nasikiliza kama inanguruma.

Mama mkwe alikuwa bado ameshika kijiti, anasubiri chakula chake.

"Mke mwenzangu," alisema taratibu, "tuhamie uani. Jiko letu limevamiwa."

Mtoto hakumsikia. Alikuwa amesimama, mikono inaning'inia, anatazama povu la sabuni. Bibi alimwita tena. Kisha akaweka kijiti chini, akaanza kutoa mchanga kwenye mbaazi, punje kwa punje, bila kunitazama, kwa heshima yote anayostahili mkwe. Heri angenitukana.

Jioni mke wangu alirudi. Walizungumza jikoni kwa Kimwera, kisha akanijia.

"Mama anaondoka Jumamosi. Na mtoto."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nitakuuliza."

"Unaniuliza?"

"Nakuambia."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kukataa tangu siku ile ya mchele, na yote yalikuwa yanaanza na mimi nakaa naye. Hayakutoka. Nilisema, "Mama ni mkubwa, siwezi kumbishia." Mke wangu akaelewa kwamba nimekubali kwa adabu, akanihurumia, usiku ule akanipikia vizuri. Nikala huruma ambayo haikuwa haki yangu. Niliyoyaona barazani sikumwambia.

Walipoondoka nilihamisha karakana. Nilipata kibanda stendi, kando ya mziba pancha, televisheni zikawa zinapiga kelele huko pamoja na kelele nyingine za stendi. Sebule ikabaki na mkeka na makabati. Mke wangu aliitazama siku kadhaa, kisha akasema, "Sasa nenda kamlete." Nilimpigia mama mkwe kwa heshima zote, akasema mtoto ni wako, njoo.

Nilisafiri usiku, nikabadilisha gari Lindi, nikafika Nyangamara asubuhi bado haijachangamka. Babu alikuwa shamba. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga, na mtoto yuko chini ya ukingo wa paa na vyombo vyake. Aliniamkia, "Shikamoo baba," kama alivyofundishwa. Hakunikimbilia. Hakunikimbia pia. Alinitazama kwa muda akanipa kazi.

"Wewe mtoto. Lala hapa. Nikipika nakuamsha."

Nililala kwenye jamvi. Alinifunika kanga ya bibi yake. Niliapa nitakaa mpaka niamshwe, hata ifike adhuhuri. Mtoto alitwanga kwa kijiti, alipepeta, alinung'unika kuhusu bei ya sukari. Alikuwa anaongea mfululizo, maneno mengine ya Kimwera sikuyaelewa. Nilikuwa na furaha kubwa. Na ndani ya furaha ile miguu ikaanza kuniwasha.

Nyumba ya pili mtu alikuwa na redio ya sola inayokoroma. Nilijua ubovu wake kwa kusikia tu: waya wa spika umeachia, unagusa na kuacha. Nilijaribu kutousikiliza. Nikajiambia ni dakika moja, yeye bado anapika, hata hajachota maji. Nikanyanyuka polepole. Yule jirani akafurahi, akaniletea kisu, nikafungua, nikaona pia betri imevuja, tukaongea kuhusu paneli yake aliyoielekeza vibaya.

Niliporudi pale jamvini palikuwa na gunzi la mhindi, limefunikwa kanga mpaka shingoni.

"Huyu nani?" nilimuuliza.

"Mtoto."

"Na mimi?"

"Wewe umekwenda," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa analipozea gunzi uji.

Mama mkwe alitokeza akifuta mikono. Aliongea akitazama mchi wake. "Mkwe, gari la Lindi linapita baada ya adhuhuri. Nimfungie nguo?"

Sijui aliona nilivyonyanyuka au hakuona. Nadhani aliona.

"Usifunge kwanza, mama," nilisema.

Nilikaa chini kando ya gunzi nikasubiri kupewa nafasi. Haikuja. Mchezo ulikuwa umeshakamilika bila mimi, na mtoto alipomaliza aliosha vyombo vyake akaenda kucheza kwa wenzake. Niliaga, nikapanda gari peke yangu.

Stendi ya Lindi nilimpigia mke wangu.

"Mmefika wapi?" aliuliza. "Mpe mtoto simu."

"Nimemwacha."

"Mama kakataa?"

Lilikuwa jibu rahisi, limeshaandaliwa, na angeliamini. Abiria walikuwa wamenizunguka, kijana ananisukuma na sanduku la korosho.

"Hapana. Mama alitaka kufunga nguo. Nimekataa mimi." Nikamweleza. Nilianza na redio ya jirani, nikarudi nyuma mpaka jiko nililolikanyaga, mpaka siku za umeme kukatika, mpaka zile ehe zangu. Nilieleza kwa sauti ya chini, lakini mama mmoja aliyekaa kwenye mzigo wake alikuwa ananisikia wazi, na hakujisumbua kujificha.

Nilisikia mteja akimwagiza mke wangu chai, naye akamwambia asubiri.

"Utarudi Ijumaa," alisema mwishowe. "Utakwenda ukae huko siku nzima. Ukiweza, ndiyo uje naye."

"Nitajaribu," nilisema. Alitaka nitamke nitakaa, nilisikia anavyosubiri, na sikuthubutu.